Mkeka Chini ya Gari

Kila asubuhi, nyumba ya Suleiman pale Msambweni ilikuwa na kazi moja ngumu kuliko zote. Si kuwaamsha watoto, wala si kupika chai. Kazi ilikuwa kuingia garini.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la viti vitano. Watu walikuwa sita. Suleiman aliendesha. Bi Mishi, mama mkwe wake, alikaa mbele kwa sababu ya magoti yake mabovu. Nyuma alikaa Mbeyu, mke wa Suleiman, na tumbo lake kubwa. Hasina alikaa dirishani na kununa, na Swabir alibanwa katikati. Twaiba, mdogo wao, hakuwa na kiti. Yeye alikaa kwenye buti, juu ya vitambaa vya baba yake.

Suleiman ni fundi cherehani. Duka lake liko Ukunda, ambako Mbeyu na mama yake humsaidia, na watoto walisoma hukohuko Ukunda. Kwa hiyo safari ilikuwa ya kila siku, na kila siku Twaiba aliingia kwenye buti akiimba. Yeye alipaona ni pahali pazuri. Alikuwa na dirisha lake peke yake.

Asubuhi moja, karibu na Gazi, ng'ombe alivuka barabara bila haraka yoyote. Suleiman akakanyaga breki. Gari likasimama, ng'ombe akaenda zake. Lakini nyuma kulisikika kishindo, kisha kilio.

Twaiba alikuwa amegonga kipaji cha uso. Damu ilikuwa imeingia machoni. Walirudi Msambweni mbio, akashonwa hospitalini. Suleiman alisimama ukutani akitazama sindano ikiingia na kutoka. Yeye hushona kila siku, lakini siku hiyo hakuweza kutazama hadi mwisho.

"Tungekuwa tunakwenda kasi kidogo tu," alimwambia mkewe, "tungekuwa tunasema mengine sasa."

"Usiyaseme," Mbeyu alijibu. "Na hawa wawili watakaa wapi?" Akagusa tumbo lake. Daktari alikuwa amewaambia kuwa ni mapacha.

Basi ikakubaliwa. Lazima lipatikane gari kubwa, lile la safu tatu za viti. Si lazima liwe jipya. Lililotumika vizuri lingetosha.

Bi Mishi aliposikia, alisema neno moja tu: "Abdulrahim anauza lake."

Abdulrahim ni ndugu yake Bi Mishi, anayemfuata kuzaliwa. Anakaa Shimoni, na kazi yake ni kuwapeleka wageni kisiwani Wasini kwa boti. Kwa Mbeyu yeye ni mjomba. Na kwa Wadigo, mjomba si mtu wa kando. Baba yake Mbeyu alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea, akamsomesha, akasimamia arusi yake. Neno lake halirudishwi hivihivi.

Jumapili wakaenda Shimoni kuliona gari.

Lo, gari lilipendeza! Jeupe, refu, limeng'arishwa. Ndani lilifukizwa udi. Hata uvungu wake ulipakwa rangi nyeusi mpya, ukichungulia kwa mbali unaona weusi mtupu. Hasina alikaa safu ya kati akakunja nne kama bibi arusi. Swabir na Twaiba wakapanda safu ya nyuma, wakarukaruka.

"Gari hili halijawahi kunilaza njiani," alisema mjomba. "Limevuta boti zangu kutoka majini miaka yote hii. Lina nguvu za ajabu."

"Mashallah," alisema Suleiman.

Suleiman alitaka kuinama achungulie chini. Kweli alitaka. Lakini wakati huohuo akasikia, "Jamani, karibuni, chakula tayari."

Wakanawa, wakakaa mkekani. Palikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka na maji ya ukwaju. Mjomba mwenyewe alimwekea Suleiman minofu iliyonona. Sasa niambie, mtu ameshakula samaki wa mjomba wa mkewe, amenawa, ameshukuru, kisha anyanyuke akaingie uvunguni mwa gari lake kama polisi? Haiwezekani. Wengi wetu wa pwani hii tumenunua mbuzi, shamba na gari namna hiyo: tumekula kwanza, kisha haya zikatufumba macho. Ningekuwapo, ningemfinya Suleiman.

"Nimeridhika, mjomba," alisema Suleiman.

"Basi mje Ijumaa mlichukue. Mungu alitie baraka."

Jioni ile jirani yao akapiga hodi. Jina lake ni Mercy, lakini wote humwita Mama Chengo. Kwao ni Taru, ila ameishi Msambweni miaka mingi. Ana magari mawili ya kuwatembeza watalii Diani, na amenunua na kuuza mengine kabla ya hayo. Ni mcheshi, na hapendi kuzunguka na maneno.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama Chengo."

"Nimesikia mwapata gari kubwa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mishi. "Ni la ndugu yangu."

"Hongereni. Lina mikanda mingapi?"

Suleiman akamtazama Mbeyu. Mbeyu akamtazama Hasina.

"Viti ni vinane," alisema Suleiman.

"Sikuuliza viti, Baba Hasina. Kiti ni cha kukalia tu. Kinachomzuia mtoto asiruke ni mkanda. Ninyi mtakuwa wanane. Basi mikanda iwe minane, na kila mmoja uvutwe mpaka mwisho, ufungwe, ufunguliwe. Hao wachanga nao wasipakatwe. Watafutieni viti vyao vidogo, vifungwe kwa mkanda safu ya kati. Mlijaribu mikanda?"

"Hapana."

"Mama alipanda mwenyewe?"

"Nilipandishwa," alisema Bi Mishi. "Wawili walinisukuma. Gari refu lile!"

Mercy akacheka. Kisha akauliza polepole, "Na chini, mliangalia?"

"Chini wapi?"

"Uvunguni mwa gari."

Suleiman alikohoa. "Mama Chengo, mtu ataingiaje uvunguni mwa gari la mjomba wa mkewe? Tulikuwa tumeshakula."

"Hilo gari limekuwa likifanya kazi gani?"

"Kuvuta boti kutoka majini."

Mercy hakucheka tena. Alivuta kigoda, akakaa karibu nao.

"Nisikilizeni," alisema. "Mimi simsemi vibaya mjomba. Ninachosema ni chumvi. Gari la kuvuta boti huingia baharini kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yamo majini. Maji ya chumvi hupenya kila tundu. Lisipooshwa kwa maji matamu chini kila siku, chuma huanza kuliwa. Huliwa kwa ndani, taratibu, na juu gari linang'aa vilevile. Injini inanguruma vizuri. Lakini ile chesisi, mifupa ya chini inayobeba gari lote, inakuwa biskuti."

"Chini pamepakwa rangi mpya," alisema Mbeyu. "Nyeusi."

"Rangi mpya si kosa. Lakini ukiona rangi mpya chini ya gari kuukuu, hapo ndipo pa kugonga kwa nyundo. Mimi niliwahi kununua gari la namna hiyo. Liliniaibisha na wageni wangu palepale barabarani. Springi ilichomoka pamoja na chuma kilichoishika. Namshukuru Mungu, nilikuwa nimeanza tu kuondoka."

Bi Mishi akajimiminia chai kikombeni.

"Basi niende nikamwambie mjomba nini?" Mbeyu aliuliza. "Kwamba simwamini? Yeye ndiye aliyenilea! Mimi siwezi. Afadhali nilichukue lilivyo."

"Na watoto?" Suleiman aliuliza.

Mbeyu alimtazama Twaiba, aliyelala mkekani na plasta yake usoni. Machozi yakamtoka. Alimpenda mjomba wake, na alimpenda mwanawe, na siku ile ilionekana kwamba lazima amkosee mmoja wao.

Ndipo Bi Mishi akaweka chini kikombe chake.

"Mbeyu," alisema, "Suleiman alipokuja kukuposa, mjomba wako alifanya nini?"

"Alikubali."

"Kabla ya kukubali. Alikwenda Ukunda. Aliuliza msikitini kwao. Akawauliza majirani, akamwuliza hata mwenye nyumba aliyempangisha duka. Huyu kijana analewa? Anapiga watu? Ana mke mwingine? Aliuliza kila kitu. Baba Hasina, wewe uliudhika?"

Suleiman aliinamisha kichwa. Si kawaida yake kuzungumza sana mbele ya mkwewe. "Hapana, mama. Niliona kweli anampenda."

"Haya. Ijumaa nitasema mimi. Mimi ndiye mkubwa wake."

Ijumaa baada ya sala walikwenda Shimoni. Mercy hakwenda. Alisema jambo hili ni la ndugu wenyewe. Lakini aliwapa fundi wake, Mwero. "Msitumie fundi wa muuzaji," aliwaambia, "hata akiwa malaika. Tafuteni wa kwenu, mumlipe ninyi."

Mjomba aliwapokea kwa furaha. Ndani harufu ya pilau ilikuwa imeenea. Alipomwona Mwero na nyundo yake, furaha ikapungua.

"Huyu ni nani?"

"Ni fundi," alisema Bi Mishi. "Leo hatuli kwanza, Abdulrahim. Kwanza tunaangalia gari."

"Mnanipima?" Uso wake ulibadilika. "Mimi? Dada, mimi nimuuzie Mbeyu kitu kibovu?"

Mbeyu alitamani ardhi ipasuke miguuni aingie. Bi Mishi hakupandisha sauti.

"Ulipokwenda Ukunda kuuliza habari za huyu mkwe wetu, ulikuwa unamtukana?"

"Hilo ni jambo jingine! Nilikuwa namlinda mtoto."

"Na mimi leo nawalinda watoto. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mjomba alikwenda akakaa barazani, akageuza uso upande wa barabara. Alikuwa amekasirika, na kila mtu aliona.

Mwero akatandika gunia, akaingia uvunguni. Nyundo ikaanza kulia. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma kizima kina mlio wake, hata asiye fundi anaujua. Halafu mlio ukabadilika. Ukawa butu, kama kugonga boga. Mwero akagonga tena, na vipande vikaanguka guniani, vyekundu na vyeusi, vyembamba kama maganda.

"Baba Hasina, njoo uone," aliita.

Suleiman akainama, na kanzu yake nyeupe ikashika vumbi. Pale rangi nyeusi ilipobanduka palikuwa na tundu la kuingiza kidole.

Mwero akatoka, akafungua mlango wa nyuma. Alikunja zulia la safu ya tatu. Chini yake mabati yalikuwa yamevimba na kuwa na unyevu. Akashika mahali mkanda wa kiti ulipofungwa sakafuni. Akavuta kwa mkono tu, wala hakutumia nguvu. Mkanda ukatoka, na bolti yake, na kipande cha sakafu.

Mjomba alikuwa ameshasimama nyuma yao. Aliichukua ile bolti akaiweka kiganjani.

"Hapa ndipo anapokaa Dzombo," alisema.

Dzombo ni mjukuu wake. Mjomba humpeleka chuoni kusoma Kurani kila siku kwa gari hilohilo, na kila siku humfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe.

"Wallahi sikujua," alisema mjomba. "Fundi aliyepaka rangi aliniambia chini pazima. Sikuangalia. Nani huangalia?" Kisha akamgeukia Mbeyu. "Mwanangu, nisamehe."

Mbeyu akamshika mkono, akaubusu. "Hukunikosea, mjomba. Nami nilikuwa naogopa kukukosea wewe."

Pilau lililiwa siku ile, lakini kwa ukimya. Mjomba hakumwuzia mtu mwingine gari lile. Liliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, likakatwakatwa. Alisema hataki kuliona likipita Likoni na watoto wa mtu ndani.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mbele katika kutafuta gari. Alizunguka na Suleiman na Mwero kila walikosikia kuna gari la safu tatu. Lile la kwanza lilikuwa zuri, lakini lilipowashwa lilitoa moshi wa buluu.

"Hilo linaunguza oili," Mwero alieleza. "Injini imechoka. Na kumbukeni jambo hili: mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Injini ikiwa imeshapata moto huficha mengi. Shikeni boneti kwanza. Ikiwa ya moto, ulizeni kwa nini."

La pili lilikuwa na mita inayoonyesha safari chache. Lakini usukani ulikuwa umelika hadi kung'aa, na mpira wa kanyagio la breki umekwisha. "Mita husema uongo," alisema Mwero. "Miguu ya dereva haidanganyi." La tatu lilikuwa zima kabisa, ila namba iliyochongwa kwenye chesisi haikulingana na iliyoandikwa katika hati. Mwenye gari akaanza hadithi ndefu. Suleiman alimshukuru, akaondoka kabla hadithi haijaisha.

Mbeyu alianza kuchoka. "Mapacha watazaliwa tukiwa bado tunagonga magari," alilalamika.

"Wacha wazaliwe," alisema Bi Mishi. "Wakute wazee wenye akili."

Mwishowe walifika Kwale mjini, juu vilimani, mbali na chumvi. Mzee Mramba, mwalimu mstaafu, alikuwa na gari kubwa la rangi ya kahawia. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhama. Hasina alipoliona alishika kichwa.

"Baba, rangi ya udongo!"

"Vizuri," alisema Suleiman. "Tope halitaonekana."

Boneti ilikuwa baridi. Gari likawashwa, moshi haukuonekana. Mwero akaingia uvunguni. Kulikuwa na vumbi na kutu kidogo ya juujuu, lakini nyundo ililia vizuri mbele hadi nyuma. Hati ilikuwa na jina la Mzee Mramba mwenyewe, na namba zililingana. Hata hivyo Suleiman alihakikisha mmiliki kwa njia ya mtandao wa serikali, na Mzee Mramba alimsubiri bila kununa.

Kisha familia nzima ikapanda. Hilo lilikuwa wazo la Mercy: msinunue gari la watu wanane mkiwa wawili. Kila mmoja akafunga mkanda wake. Swabir alijaribu miwili iliyobaki, ya mapacha. Bi Mishi akakanyaga kipandio cha pembeni, akashika mpini wa mlango, akaingia mwenyewe. Akakaa, akanyoosha kilemba chake.

"Leo hakuna aliyenisukuma," alisema.

Wakaliendesha kwenye lami na kwenye njia mbovu. Mbeyu aliuliza kuhusu mafuta. Mzee Mramba hakumficha: gari kubwa hunywa zaidi kuliko dogo, na wajue hivyo kabla ya kulinunua. Mwero naye alisema matairi mawili yamezeeka na kuna mpira wa maji unaovuja. Mzee Mramba akakubali kuvibadilisha kwanza, nao wakalinunua. Halikuwa gari lisilo na dosari. Lilikuwa gari ambalo dosari zake zinajulikana.

Mapacha wamezaliwa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Wana viti vyao vidogo safu ya kati, na hawapakatwi garini hata wakilia vipi. Mwezi uliopita, karibu na Gazi palepale, mbuzi waliingia barabarani ghafla. Suleiman akakanyaga breki. Mikanda ikawashika wote. Suleiman aligeuka, akawahesabu kwa macho, kisha akaegesha gari pembeni. Twaiba, mwenye kovu usoni, akauliza kwa nini baba analia na hakuna aliyeumia.

Lilibaki lile gari dogo. Juzi alikuja mnunuzi, kijana wa Ukunda aliyeoa karibuni. Mjomba Abdulrahim alikuwa amekuja kuwaona mapacha. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na Mbeyu alikuwa ameshapakua. Kijana alilizunguka gari mara moja, kwa adabu, mikono nyuma.

"Nimeridhika, mzee," alisema, akielekea kwenye chakula.

"Ngoja," alisema mjomba.

Aliingia ndani, akatoka na mkeka. Ulikuwa mkeka mzuri, wa wageni. Akautandika chini ya gari, akaunyoosha pembe zake kwa mkono.

"Mzee, haina haja," kijana alisema kwa haya. "Mimi nawaamini."

"Najua," alijibu mjomba. "Kwa kuwa unatuamini ndiyo nimekutandikia. Ingia, mwanangu. Kagonge. Chakula tutakula ukitoka."

Kijana akamtazama Suleiman, na Suleiman akampa nyundo. Akavua kofia yake, akalala chali, akaingia. Waliobaki nje walisimama kimya wakisikiliza. Ngo, ngo, ngo. Wali ulipoa kidogo, na hakuna aliyelalamika.